Mfereji Ndani ya Mgomba

Mzee Sumari aliingia kituo cha utafiti, njia ya Kisongo, amenuna tangu getini. Ijumaa wangeng'oa migomba mitatu ya marehemu mkewe. Mkewe huyo, Mama Anande, alikuja na chipukizi lake siku ya kuolewa, akalipanda kihambani, shamba la nyumbani, huko Meru. Ugonjwa wa mnyauko ulipoingia, mwaka juzi, bwana shamba alifika kila kitu kimeshaoza. Iliyobaki ni hiyo mitatu tu, aliyokuwa ameipeleka mapema kwenye bustani ya mbegu ya kituo. Sasa mkuu wa kituo, Dokta Philemoni, anasema hiyo ni ndizi ya kawaida, na bustani haina nafasi ya kufuga mapacha.

"Hawa wakubwa," alimwambia mlinzi, "ukiwaletea ng'ombe wanaandika mbuzi, halafu wanakuletea kalamu usaini."

Aliyempokea ni Vaileth, binti wa maabara. Baada ya shikamoo alimweleza kwamba mashine husoma vinasaba vya mgomba vipande vipande, kama kitabu kilichochanwa. Programu huviunganisha, kisha huchora vipande vyote na njia zinazoviunga. Akamgeuzia kompyuta. Mzee akaona mistari ya rangi, minene na myembamba, imesokotana kama tambi. Akasema kumbe hata humu ndani kazi ya kupanga kaachiwa ofisa.

Vaileth alicheka, akampa kipanya. Mzee akakisukuma kwa nguvu za jembe, mchoro wote ukakimbia nje ya kioo, naye akaiomba kompyuta radhi. Polepole akajua kuvuta karibu na kufuata mstari mmoja. Akafika mahali ulipogawanyika njia mbili, zikaungana tena mbele. Pembeni kulikuwa na vijinjia vifupi vilivyoishia hewani.

Vaileth alisema yote hayo Dokta huyaita takataka. Ukibonyeza Safisha, programu inanyoosha, inabaki njia moja.

Sumari aliacha shule darasa la tatu, lakini alisimamia zamu za maji kwenye mfereji wa kijiji miaka ishirini na miwili. Akainama hadi pua ikakaribia kugusa kioo.

"Binti, mchepuko huu unaoishia njiani ni wa mwizi wa maji. Kachimba harakaharaka, haujafika popote. Lakini huu umetoka kwenye mfereji na umerudi kwenye mfereji. Huu una mwenyewe. Kila upande unapitisha maji kiasi gani?"

Vaileth akabonyeza upande mmoja, kisha wa pili. Kabla ya kugawanyika, mstari ulikuwa umesomwa mara sitini na moja. Upande huu ulisomwa mara thelathini, ule thelathini na moja. Vile vifupi, mara mbili au tatu tu.

"Nusu kwa nusu," alisema. "Babu, kosa la mashine haligawanyiki hivi. Njia zote mbili ni za mgomba wenyewe."

Akafungua mchoro wa ndizi ya kawaida, nao kabla haujasafishwa, akatafuta mahali palepale. Njia ilikuwa moja, imenyooka. Wakaendelea kutafuta wawili, mzee akiongoza kwa kidole, wakapata michepuko mingine kumi na mmoja ambayo ndizi ya kawaida haina.

"Tulisafisha zote mbili kabla ya kuzilinganisha," Vaileth alisema. "Ndiyo maana zilifanana."

Dokta Philemoni aliitwa, akaja na kikombe chake cha chai. Alianza kueleza utaratibu. Sumari akamkatiza kwamba utaratibu ndio uliomwozeshea kihamba. Dokta akashika kipanya mwenyewe, akabonyeza huku na huku, akasahau chai yake. Mwishowe akaifuta migomba mitatu kwenye orodha ya Ijumaa, akauliza aina hii mpya iandikwe jina gani.

"Mama Anande," mzee alisema. "Na usiisafishe."

Dokta akaandika. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani, akauliza kama machipukizi yakitoka anaweza kupata moja la kupanda kwake.

"Utapata, Dokta," alisema Sumari, akivaa kofia yake. "La kwanza linarudi kihambani, la pili ni la binti huyu. La tatu ni lako, na uje na jembe, shimo utachimba mwenyewe."

Vaileth akainamia kompyuta, mabega yakimtikisika kwa kicheko.