Bakuli Moja la Alizeti

Krii... kengele ya baiskeli, mara moja tu, usiku ule shemeji yangu alipofukuzwa, labda iligonga mlango, labda aliniaga, sijui, nililala macho wazi sikuinuka, na sasa ni asubuhi, mwezi umepita, namimina maji kwenye mikono ya bwana shamba, yanapita vidoleni mwake, yanaanguka kwenye beseni, nayaona yakianguka, mkono ulioshika jagi ni kama wa mtu mwingine... “Polepole, mama Milembe, nimekuja kunawa, sijaja kubatizwa,” anasema Joakim, bwana shamba wa kata, na mume wangu Mabula anacheka kidogo, kicheko cha kumheshimu mgeni, kisha anarudia lilelile, kwamba alizeti yetu ilikauka kwa sababu dawa ilizidishwa, au bomba lilikuwa na dawa nyingine, maana muuzaji kule Bariadi alisema palizi basi, mbegu hii mpya ya alizeti unaipulizia dawa juu kwa juu, magugu yanakufa, yenyewe inabaki, na kweli, tangu soko liwe huria tumeuziwa mengi, ila hili tuliliona wenyewe kwenye shamba darasa, “sasa yule aliyepuliza,” anasema Mabula, “yule ana roho mbaya tangu nilipomnyima ng'ombe wa kuolea, Jumamosi wazee wanakaa, kipande chake cha shamba nakichukua,” yule, siku hizi mdogo wake anaitwa yule, hata mama yao, mayu wetu, aliyekaa pale kwenye kigoda anapukuchua mahindi, analimeza jina la mwanawe wa mwisho kama mfupa wa samaki... “Sikiliza, Mabula,” anasema Joakim, mikono imejaa povu, “dawa ikizidi inaunguza mstari mzima, mimi nimepita shamba lote, kule mwanzo imesimama safi, huku mwisho shimo moja lina mche uliokauka na mwenzake mzima, mbegu hii inaivumilia dawa, ya kienyeji haivumilii hata tone, hapa zimechanganywa,” na mayu anacheka bila kuinua kichwa, “Kumbe siku hizi hata sumu inachagua ndugu,” na mimi namimina, bakuli moja, bakuli la bati lililojaa, nilimpelekea mama yangu kule Sapiwi, binti gani anapata mbegu mpya asimpelekee mama yake, mama naye alinifungia za kwake kwenye kanga siku naolewa, huo si wizi, ni adabu, ila sikumwambia mtu hapa, na mvua iliponyesha mfuko ukaisha mistari haijaisha, nikaongezea za zamani kutoka kwenye kibuyu juu ya moshi, bakuli kwa bakuli, nikasema alizeti ni alizeti... na shemeji, siku ile ya kupuliza, alirudi na bomba mgongoni, macho mekundu kwa dawa, akaomba maziwa, akasema, “Shemeji, mwaka huu jembe linapumzika, utanenepa mpaka kaka akukimbie,” nikacheka, nilicheka kweli, na wiki ya pili, miche ilipokauka, walipompiga nilikuwa nasonga ugali, nikaendelea kusonga, ugali usiwe na madonge, nilisikia fimbo, nikasonga, ningesema ningerudishwa Sapiwi na Milembe abaki hapa, ng'ombe wa mahari walishatoka, mtoto ni wa ukoo, nikasonga, nikapakua, nikala, Mungu wangu, nilikula, na sasa yuko Mwandoya anachunga ng'ombe wa watu na hajui kosa lake, anajiuliza kila siku alipima vipi ile dawa, kifuniko kimoja au viwili, anajihesabia mwenyewe, na hilo, hilo ndilo linanichoma, mahali fulani chini ya mbavu, kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kurudi... “Mbegu alipanda nani?” anauliza Joakim, na Mabula anasema, “Si huyu hapa, mke wangu, mbegu ilitoka kwenye mfuko ulioshonwa,” anasema bila kunitazama, hana shaka nami, hajawahi, na povu halijaisha mikononi mwa mgeni, na maji yanaanguka, na mayu ameinua kichwa, ananitazama mimi, gunzi limesimama mkononi, nami nasikia sauti yangu ikitoka, kavu, ya kawaida, kama naita mtu aje kula, “Mbegu nilichanganya mimi, baba Milembe, mimi, si Jilala.”