Jani la Chini Kabisa

Baba mkwe wangu, Mzee Tokusaburo, ana kidole gumba kinachong'oa majani bila kumuuliza mwenyewe. Majani ya chini ya stroberi, yaliyozeeka, kwake ni wezi. Tangu nimuoe binti yake na kuchukua jina la ukoo wao, miaka kumi na minne sasa, namwambia yanalisha matunda.

"Uliacha shule ili uje unifundishe mimi?" hunijibu. Banda la stroberi ni lake, kwa hiyo nang'oa.

Daktari Shirakura wa maabara ya Takasaki alipotafuta mkulima wa kumletea mche wa stroberi kwenye chungu ili aupige picha ya ndani, nilimwekea mzee sharti: picha ikionyesha jani la chini linalisha tunda, safu tatu za banda nizitunze nitakavyo. La sivyo, nifunge mdomo mpaka nizikwe. Akakubali. Siku ya picha akaja maabara amevaa shati la harusini.

"Jani tunalifunga kwenye mfuko huu," Daktari alituambia, "tunaliingizia hewa yenye mionzi. Linaigeuza sukari, na kamera inaona sukari inakokwenda, bila kuukata mmea. Ila mionzi ya hewa hiyo hupungua nusu kila dakika ishirini. Ikitoka mtamboni, hakuna kupiga soga."

Akaenda kuiagiza. Mimi nikaenda chooni. Niliporudi, mzee ameketi wima kama yuko msibani, jani mkononi.

"Mzee! Umefanya nini?"

"Lilikuwa zee."

"Ndilo tulilokuja kulipiga picha!"

"Mbona hukusema?"

"Nimesema miaka kumi na minne!"

Daktari akaingia mbio. "Hewa inakuja. Jani liko wapi?"

Mzee akalisukumia ndani ya mkono wa shati, kama mwanafunzi aliyekutwa na sigara.

Lilibaki moja tu la chini, manjano pembeni, limetobolewa na kiwavi. Hilo hata mimi ningeling'oa. Daktari akalifunga kwenye ule mfuko, tukatoka na kukaa mbele ya skrini kwenye chumba cha pili.

Nusu saa, jani peke yake liling'aa. Nikaanza kujizoeza kufunga mdomo. Kisha mng'ao ukashuka kwenye kikonyo, ukapanda, na tunda kubwa likawaka. Halafu la pili.

"Mashine hii ina miaka mingapi?" mzee akauliza.

"Ishirini na miwili," Daktari akasema.

"Imezeeka. Haifai."

"Wewe una themanini na mmoja," nikamwambia, "na hatujakung'oa."

Daktari akageuka kukohoa. Mzee akatazama skrini mpaka tunda likafifia.

"Safu tatu," akasema. "Zile za mlangoni, zenye baridi."

Asubuhi iliyofuata nilimkuta katikati ya safu zangu, mikono ameikalia kwenye kigoda, anayakodolea macho majani ya chini.

"Napumzika tu," akasema.

Nikahesabu majani. Yalipungua mawili.