Alichokifuta Kaz

Kaka yangu Kaz alifariki Jumanne ya kwanza ya Mei, na Jumamosi iliyofuata kiti chake katika kibanda cha mtangazaji kilikaa kitupu kwa mara ya kwanza tangu 1958. Ndiye aliyekuwa akiandika matokeo ya timu ya kiwanda chetu cha vioo na kuyatangaza kwa kipaza sauti.

Kwenye chakula cha baada ya mazishi, Dutch Lemke alijipakulia soseji na kabichi chachu, akasema, "Haya, labda mwaka huu tutachukua kombe."

Watu wakacheka, kisha wakaniona.

"Samahani, dada Helcia. Utani tu."

"Utani wa miaka ishirini na sita, Dutch."

Besiboli ina mwiko mmoja ambao kila mtu hapa Ohio anaujua. Mrushaji akiwa hajapigwa hata mpira mmoja na wapinzani, na mchezo unaelekea mwisho, hakuna anayelitaja jambo hilo, lisije likaleta mkosi. Hata wenzake hukaa mbali naye. Fainali ya 1961 mrushaji alikuwa Dutch. Kipindi cha saba kati ya tisa, Kaz akajisahau, akasema kwenye kipaza sauti, "Lemke hajapigwa hata mmoja leo." Mpira uliofuata ulipigwa ukavuka uzio. Tulifungwa, na kombe hatujaliona tena. Toka hapo watu walimnunulia Kaz bia kule baa, lakini siku ya mechi hakuna aliyempa mkono.

Nilitaka kujua kama kweli mdomo wa mtu unaweza kufanya hivyo. Nikalitafuta daftari lake la mwaka ule. Kwenye kipindi cha tano, penye maneno "kosa la mdakaji", karatasi ilikuwa imechakaa kwa kufutwa. Nikaiinua dirishani. Chini yake palikuwa na alama ya mpigo halali. Kosa la mdakaji halihesabiwi kuwa mrushaji amepigwa; mpigo halali huhesabiwa.

Nilimpelekea Dutch. Akavaa miwani, akapapasa pale palipofutwa.

"Mpira alioupiga Sobczak, yule wa timu yao," akasema. "Ulimpita mdakaji wetu Eddie pale kama risasi. Nani angeudaka ule?"

"Kwa hiyo ulijua."

"Niliona ubaoni wameandika kosa la Eddie. Nikanyamaza. Wewe ungesema?"

"Ulikuwa umeshapigwa, Dutch. Kaz hakuwa na kitu cha kuharibu."

"Na hakuwahi kukuambia?"

"Hata siku moja."

Akavua miwani. "Mjinga yule," akasema polepole. "Watu wa baa niachie mimi. Nitawaambia mwenyewe."

Aliwaambia Ijumaa. Wengine walitaka kuliona daftari. Mwenye baa alisema hata hivyo Kaz hakupaswa kutamka, na wawili watatu wakakubaliana naye.

Siku hizi matokeo naandika mimi, na Dutch anatangaza. Mrushaji wetu akifika kipindi cha sita bila kupigwa, Dutch huzima kipaza sauti.