Sauti Niliyoijua kwenye Simu ya Daktari

Asubuhi ile nilipanda treni Södertälje, huku Uswidi, nikiwa nimeamua kuacha, na tulipopita Flemingsberg nikawa nimeamua kuendelea. Ndivyo nilivyokuwa Februari ile ya mwaka 2009. Woga ulinishika hata uamuzi haukukaa kichwani.

Titi langu la kushoto walilikata mwaka uliotangulia kwa sababu ya kansa, na mahali pake wakatia kifuko chini ya nyama ya kifua. Kila baada ya wiki kadhaa nilikwenda kliniki, wakakichoma sindano na kukiongeza maji ya chumvi, ili ngozi ivutike taratibu mpaka itoshe kupokea titi la bandia. Sasa ngozi karibu na kovu ilikuwa nyembamba, inang'aa, na usiku ilichoma kama nimelalia pasi. Safari iliyopita Daktari Annika aliniambia nikafikirie: tuendelee kujaza, tukijua ngozi inaweza kupasuka na kunirudisha kwenye kisu, au watoe kifuko na kifua kibaki bapa. "Uamuzi ni wako," alisema. Hawa Waswidi na uamuzi wao. Kwetu Uvira, Kongo, daktari akikuambia lala hapa, unalala, na ukifa atajieleza mwenyewe kwa ndugu zako.

Nilipomuuliza mume wangu Baudouin, alisema, "Vile utaona, ni sawa." Nilimnunia wiki nzima. Nilitaka mtu mmoja tu aniamulie, halafu nipate wa kumlaumu.

Ukweli ni kwamba habari hii ya titi sikuianza kwa ajili ya Baudouin, wala kwa ajili ya kioo. Niliianza kwa ajili ya kwaya. Kanisani kwetu akina mama tunashona sare za kitenge, tunapimwa pamoja na kuvalia pamoja katika chumba cha nyuma ya ukumbi, huku tukitaniana nani kanenepa. Niliwaambia nimepasuliwa tumbo. Tangu hapo nilivalia nyumbani, nikafika vifungo vyote vimefungwa na sidiria imejazwa pamba upande mmoja. Kwa watu wetu kansa haitajwi. Ukiitaja wanaanza kukutazama kama maiti, na wengine wanauliza chinichini umemkosea nani. Kwa hiyo titi lilipaswa kurudi, basi, hata kama lingeniua.

Kiswidi changu kinatosha kwenye jiko la nyumba ya wazee ninakopika, lakini hakitoshi kwa mambo ya kisu. Ndiyo maana kliniki walinipigia mkalimani kwa simu kila mara. Kwa kawaida alikuwa Gitau, Mkenya mwenye Kiswahili cha taarifa ya habari. Nilimpenda kwa sababu nilijua sitakutana naye maishani. Asubuhi ile Daktari Annika alibonyeza namba, akaweka simu mezani kwa spika. Jina la mgonjwa huwa halitajwi, na hilo ndilo lililonipa amani siku zote.

"Hujambo, mama," sauti ya mwanamke ikasema. "Mimi ndiye mkalimani wako leo. Nitatafsiri yote yatakayosemwa, na nimefungwa na kiapo cha siri."

Ilikuwa sauti ya Médiatrice, yule anayesimama ubavuni kwangu kwenye kwaya, ambaye hata akivuta pumzi tu namjua bila kugeuka. Nilijua anasomea ukalimani. Sikujua ameshaanza kazi. Kiapo nilikisikia, lakini kiapo na Jumapili baada ya ibada ni vitu viwili tofauti.

Nikabana sauti. Nikaongea kwa pua, tena Kiswahili cha Dar es Salaam, mimi mtu wa Uvira. "Sijambo kabisa," nikasema, nikasikika kama mbuzi.

Daktari akanifungua kifua, akagusa kwa vidole. Wekundu hauonekani upesi kwenye ngozi kama yangu, kwa hiyo ilimbidi aulize.

"Naona pana joto kidogo," Médiatrice akatafsiri. "Kuna maumivu?"

"Hapana."

"Umepata homa?"

"Hapana."

Usiku uliopita nilikuwa nimetetemeka chini ya mablanketi mawili. Nilijua naudanganya mwili wangu mwenyewe, na kila nilipojibu woga ulizidi. Lakini jibu refu lingenifichua. Kwa neno moja moja, nilijiambia, hawezi kunitambua.

"Umefikiria? Unataka tuendelee?"

"Ndiyo."

Daktari akasita, akanitazama usoni, kisha akasema kama sina maumivu wala homa tunaweza kuongeza kidogo sana leo. Muuguzi akasogeza trei. Nikaiona sindano. Nikaona ngozi yangu, nyembamba kama ya kitunguu, ikiisubiri, na nikaelewa kwamba nitakufa kwa ajili ya chumba cha kuvalia sare.

"Musinichome!" Sauti ilitoka kifuani, yangu yenyewe, na sikuweza tena kuirudisha. "Nilikuwa nasema bongo, uongo mutupu. Inaniuma usiku na mchana. Jana nilikuwa na homa mpaka meno inagongana. Sitaki tena hii kitu, munitoshee, muitoe kabisa. Mi naogopa. Naogopa kufa juu ya titi yenye haiko yangu."

Daktari akaitazama simu, mimi nikaitazama. Nilimsikia Médiatrice akivuta ile pumzi yake.

Mkalimani husema "mimi" mahali pa mgonjwa, ndivyo walivyofundishwa. Kwa hiyo akaanza kwa Kiswidi: mimi nilidanganya, mimi naumwa usiku na mchana. Aliposema mimi naogopa, sauti ilimkatika. Akakohoa, akalirudia neno lile, akaendelea mpaka mwisho bila kuacha kitu. Machozi yalikuwa yananitoka. Daktari Annika akamwashiria muuguzi, na trei ikaondolewa. Akavuta kiti karibu yangu, akaongea taratibu.

"Daktari anasema wakitoa kifuko leo, huenda isiwezekane tena kuweka kingine," Médiatrice akasema. "Anauliza kama una hakika." Kisha akasema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili cha kwetu, maneno ambayo daktari hakuyasema, akiniita dada kwa jina langu: "Jibu tu, yaya Hortense. Niko hapa."

Nilikuwa bado naogopa, naogopa kisu, naogopa Jumapili.

"Niko na hakika," nikasema, na Médiatrice akasema kwa Kiswidi: mimi nina hakika.