Mkono wa Mwanamvua

Siku ya kwenda Kibaha, Mwanamvua wa kijiji cha Msimbu alivaa gauni lake la Idi. Alikuwa amealikwa kwenye maonyesho ya kazi za mikono, na mkeka wake, alioushona kwa miezi miwili, ulikuwa umeshatangulia.

Yeye na wenzake wa kikundi cha Tusemezane hukutana kila Alhamisi mchana barazani kwa mwenyekiti wao, Bi Hamisa. Mikono inasuka ukili wa mikeka, midomo inasimulia. Aliyefiwa hulilia pale, na mwenye kichekesho hukitoa pale. Efrazia, binti kutoka shirika la Kibaha lililoandaa maonyesho hayo, alikaa nao Alhamisi nne. Alikula mihogo yao, akalia machozi pamoja nao, na kwa ruhusa yao simu yake ikarekodi.

Ukumbini Mwanamvua alikuwa anatafuna sambusa pale mama mmoja mwenye kunukia marashi alipomshika mkono wa kushoto, ule uliopinda kwenye kiwiko, akaanza kuupapasa kama anapapasa paka.

"Pole, mama yangu. Wanaume wengine ni wanyama."

"Wanyama gani tena?"

Yule mama akaonyesha ukutani. Mkeka ulikuwa umetundikwa, na pembeni yake picha kubwa ya Mwanamvua, mkono uliopinda mbele kabisa. Chini yake maneno. Aliyasoma polepole, herufi kwa herufi: *Mume wangu alinivunja mkono kwa mchi. Ususi ndio ulioniponya.*

Sambusa ikageuka sabuni mdomoni. Akaitemea kwenye leso.

Seif! Seif aliyembeba mgongoni kutoka shambani hadi zahanati siku alipoanguka kutoka juu ya mkorosho na kuvunjika mkono, njia nzima akimwimbia ili asizimie. Seif aliyejifunza kusuka nywele za mkewe, vibaya, mistari ya twende kilioni imepinda hadi kisogoni, mwaka mzima, kwa kuwa mke hakuweza kuinua mkono. Hayo ndiyo aliyoyasimulia barazani, na wenzake wakacheka hadi ukili ukawadondoka. Sasa Seif alikuwa na miaka mitatu kaburini. Angejitetea vipi?

Alimkuta Efrazia mlangoni anapokea wageni.

"Shikamoo, mama! Umeiona picha yako?"

Mwanamvua hakuitikia. "Nani amekwambia Seif alinivunja mkono?"

Efrazia akamvuta pembeni. "Mama, nielewe. Wafadhili wanaguswa na mateso. Mtu ameanguka kwenye mkorosho, nani atamsikiliza? Tumeboresha kidogo tu."

"Mmemtukana marehemu, unaita kuboresha?"

Akarudi ndani, akasimama chini ya picha yake, akapaza sauti. Aliwaambia watu mume wake alikuwa nani, na kwamba maneno yale ukutani ni uongo. Aliponyamaza, ukumbi mzima ukapiga makofi. Mtu mmoja akasema, "Jasiri sana!" Walidhani ni sehemu ya ratiba. Alipanda juu ya kiti, akautungua mkeka, akaukunja, akaondoka nao kwapani bila kuaga.

Alhamisi aliwaeleza wenzake. Bi Hamisa akasonya. "Shoga, si maneno tu? Marehemu hasomi."

Mwanamvua alimtazama mwanamke aliyemjua tangu unyago, akaona kinyaa kile kile cha ukumbini. "Basi kesho waandike ya mumeo," alisema. Bi Hamisa akainamia ukili wake.

Mchana ule ule Efrazia akafika, na katoni ya juisi, na simu yake. Alipotaka kukaa, Firdausi, mdogo kuliko wote, akatoa simu yake mwenyewe, akaibonyeza irekodi, akaiweka katikati ya jamvi.

"Karibu, dada. Leo utusimulie wewe. Tuanzie kwa baba yako. Tutaboresha wenyewe."

Efrazia akacheka, akaona hakuna anayecheka. Hata Bi Hamisa hakumsogezea nafasi. Mwishowe akageuka, akateremka njia ya mikorosho akiacha juisi yake.

Hakuna aliyeigusa. Mwanamvua aliibeba katoni hadi shimo la taka, akaitupa, kisha akanawa mikono kwa sabuni, mara mbili.