Prizma Iliyolegea

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeingia duka la prizma. Prizma ni kile kioo cha pembe kinachofungwa juu ya fimbo. Mpima ardhi anasimama kwa mbali, yeye na mashine yake, mashine inakitupia mwanga, kioo kinaurudisha, umbali unajulikana. Mimi ni mshika fimbo wa Bwana Ngailo. Prizma yetu ilianguka ikapasuka, akaniambia nitafute nyingine ya bei nafuu, maana mpaka unaofuata kupimwa ni wangu mwenyewe na jirani yangu Mwakibinga. Mke wangu Sekela amezikwa pale, nyuma ya migomba. Mwakibinga anadai upande wa miguuni uko kwake, na kwake anataka kupanda chai.

Duka halina mlango, na mimi sishangai. Muuzaji ni stendi ya mashine, ile ya miguu mitatu, amevaa sweta la shule.

"Karibu, baba. Unataka ya kweli au ya bei?"

"Ya bei. Lakini isije ikaniua."

"Prizma haijawahi kuua mtu," anasema. "Wanaoumia ni waliokwisha kuzikwa."

Anaweka tatu mezani.

Ya kwanza imelala kwenye sanduku lenye sponji. Naiinamia. Naliona jicho langu katikati, limepinduka. Nasogea kushoto, jicho liko katikati. Nasogea kulia, liko katikati.

"Inanionaje?" nauliza.

"Haikuoni, inakurudisha ulivyo. Hii huiwezi, baba."

Ya pili ni mtumba. Ina mkwaruzo pembeni, na fremu yake imepakwa rangi upya kwa brashi.

"Mimi nadanganya," inasema kabla sijauliza. "Upana wa kidole. Jua, mvua, ni kidole hicho hicho. Iambie mashine, itakitoa, mambo yaishe."

"Na nisipoiambia?"

"Basi aliyedanganya ni wewe."

Ya tatu ndiyo ya bei ya chini kabisa. Mpya, inang'aa. Naitikisa karibu na sikio kama yai. Kioo kinacheza ndani ya fremu. Ningekuwa macho ningeiweka chini hapo hapo, maana kioo kinachocheza hakifai hata kunyolea ndevu. Lakini inaninong'oneza kwa Kinyakyusa, taratibu, kama mtu wa kwetu.

"Baba Atupele, mimi sina mambo ya vidole. Naenda unakotaka. Niinamishe kidogo kwa Mwakibinga, mkeo atalala kwako mzima."

Naichukua.

"Ikishatoka hairudi," anasema muuzaji, na anakunja miguu yake yote mitatu.

Nageuka, na duka ni shamba langu. Migomba ipo, ukungu upo. Bwana Ngailo yuko ng'ambo ya bonde na mashine yake, mdogo kama kuku, lakini sauti yake iko sikioni mwangu. Mwakibinga amesimama kando yangu. Amevaa suti, ameshika miche ya chai kwenye viriba.

"Umekuja na kioo chako," anasema.

"Ni cha Ngailo."

"Cha Ngailo, umechagua wewe."

Ngailo anasema ninyooshe fimbo. Natazama pima maji ya kwenye fimbo. Kipovu chake kimelala usingizi. Nakigonga, kinasema kimechoka kukaa katikati ya watu. Basi naiinamisha fimbo kwa Mwakibinga, kidogo tu. Kioo kinateleza. Ardhi nayo inateleza, bila kelele. Mpaka unaingia kwake, na kaburi lote linakuwa langu.

Mwakibinga hakasiriki. Anakisogelea kioo, anakipulizia pumzi kama anayefuta miwani.

"Karibu, baba," kioo kinamwambia, kwa sauti ile ile. "Naenda unakotaka."

Kinarudi. Ardhi inarudi nacho. Mpaka unapita pale ulipokuwa, unazidi kuingia kwangu.

"Umeshasoma?" namuuliza Ngailo.

"Nimeshasoma."

"Futa. Kioo kimecheza."

"Mashine inaamini kioo," anasema. "Haina mwingine wa kumwamini huko."

Jiwe la mpaka linashuka lenyewe kwenye gari la Ngailo. Linakuja likijikokota, linaomba njia kwa adabu, linapanda juu ya kaburi na kujichimbia chini kidogo ya magoti ya mke wangu.

Hapo Sekela anaongea. Hatoki. Anaongea kutoka chini vile vile alivyokuwa akiongea kutoka jikoni.

"Baba Atupele."

"Naam, mama Atupele."

"Kuna kitu kimenigonga miguu."

"Ni jiwe la mpaka."

"Hicho kioo ulikichagua wewe?"

"Kilikuwa bei nafuu."

"Na kilikusifia," anasema. "Nakujua. Sasa miguu niiweke wapi?"

Namtazama Mwakibinga. Ameshaanza kupanga miche.

"Sina ubaya na shemeji," anasema. "Alale salama. Ila huku ni chai."

"Ongea naye, baba Atupele," anasema Sekela.

Nafungua mdomo. Inatoka sauti ya kioo: "Naenda unakotaka."

"Basi nitakunja," anasema Sekela. "Hata kitandani nilikuwa nakunja, wewe ukijinyoosha."

Nasikia udongo ukisogea, polepole, kama mtu anayejivutia blanketi.

Nimeamka kumekucha. Sikunawa uso, nilikwenda moja kwa moja nyuma ya migomba. Mvua haijanyesha wiki hii. Hakuna alama ya jembe, wala ya mnyama, wala ya kiatu. Upande wa kichwani kaburi limeinuka kama siku zote. Kuanzia chini kidogo ya magoti hadi mwisho, udongo umetitia.

Nikiwa bado nimechuchumaa pale, Bwana Ngailo amepiga simu kuuliza nimepata prizma gani. Nimemwambia sijatoka hata nyumbani.