Filimbi ya Trafiki

Hata hatujakalia benchi la mapokezi, mdogo wangu Vituko alishamvunja mbavu karani wa wakili.

"Basi trafiki ananiambia, puliza hapa. Nikakishika kile kipimo cha pombe hivi, vidole juu, nikampigia wimbo wa harusi!"

Karani anafuta machozi. "Trafiki akasemaje?"

"Akasema nina kipaji. Akanituza pingu."

Mimi sikucheka. Vituko ni dereva wa basi la shule. Leseni imeshikwa, basi lake kapewa mtu anayekata kona kama anakata kabichi, na Jumatatu anasimama kwa hakimu: kuendesha gari akiwa amelewa, na kukataa kupimwa. Wakimtia hatiani, lile basi ataliona likipita tu. Nilikuwa nimeapa sitoki kwenye jengo lile bila wakili.

Wakili alikuwa mama wa makamo, viatu kavivua chini ya meza. Vituko akaanza kuinua vidole. Mama akamkatiza.

"Filimbi nimeisikia. Ukuta huu ni mbao tu. Kabla ya filimbi, ulikuwa unatoka wapi?"

"Namrudisha shemeji kwake, na gari lake. Shemeji ndiye aliyelewa, mama! Yuko kiti cha nyuma anamlilia mkwewe, na mkwewe hata hajafa."

"Na wewe ulikunywa nini?"

"Mimi? Mimi nikinusa kizibo tu nalala."

Wakili akafunika kalamu yake. "Ghorofa ya chini kuna mwenzangu anapenda hadithi. Nendeni kwake."

Nikakishika kiti kwa mikono miwili. "Mheshimiwa, hatuendi popote." Nikamgeukia Vituko. "Wewe! Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Wa kwako ushatumbuka. Sema!"

Huyu nimemlea, namjua. Akiogopa, anachekesha. Baba alipolazwa, Vituko alivaa koti la muuguzi akapima mapigo ya wagonjwa wote. Wodi nzima hoi kwa kicheko, kumbe yeye katoka hapo kaenda kutapika chooni.

Akatazama magoti yake. "Bia moja," akasema. "Mchana, na chakula. Trafiki aliponisimamisha nikawaza wazazi wa wale watoto wakisikia dereva wao ananuka bia. Nikakiogopa kile kipimo. Ndo nikapiga filimbi."

Na mimi ukoo mzima nimewaapia kwamba mdogo wangu hakugusa hata tone! Nilitamani nimzabe kibao. Nikaukumbatia mkoba wangu.

Wakili akavaa viatu. "Ungepuliza kama watu, huenda usiku ule ungelala kwako. Haya. La kukataa kupimwa utakubali, na adhabu yake utaibeba. La ulevi tutapigana. Nileteeni aliyekula naye mchana ule, na huyo shemeji, akiwa na akili zake."

"Na leseni?" nikauliza.

"Siahidi leseni."

"Lakini utamsimamia?"

"Akisema mbele ya hakimu kama alivyosema sasa hivi. Akianza vituko, nakaa chini, ajitetee mwenyewe."

"Sitaanza," mdogo wangu akasema.

"Wote husema hivyo."

Tulipotoka, karani alishamwita mwenzake wa ofisi ya jirani. "Huyu hapa! Kaka, hebu mwonyeshe ile ya filimbi."

Nikaviona vidole vya Vituko vinapanda vyenyewe kuelekea mdomoni. Nikabana meno. Vikafika kwenye kidevu, vikajikuna, vikashuka.

"Nilikataa kupimwa," akasema. "Niliogopa."

Kicheko cha karani kikaishia njiani. Yule mwenzake akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Mimi nikamshika mdogo wangu mkono kama namvusha barabara.

Nyuma ya ukuta wa mbao, sauti ikaita: "Karani! Huyo mwandike Jumatatu."